Jua la Mungu, tundu la kampuni

Leo sizungumzii siasa, wala Simba na Yanga. Leo nazungumzia waya. Mhariri wangu nilipompelekea hoja hii alinitazama kama mtu aliyekosa kazi, akasema waya siyo habari, niende nikamtafutie kauli ya waziri. Basi nimeuleta hapa kibarazani kwangu, ambako mhariri ni mimi.

Hoja yangu ni fupi. Kampuni zinazotengeneza yale masanduku ya umeme yanayoitwa "pawa stesheni" zinatuuzia nyumba, halafu ufunguo zinauza kando. Paneli za sola karibu zote zinakuja na plagi ya aina moja. Masanduku nayo kila moja lina tundu lake. Katikati ya jua la bure na betri uliyolipia pesa yako kuna kipande cha waya kisichofika hata mita moja, na mwenye kipande hicho ndiye aliyeshika mfuko wako. Mimi nasema hilo siyo suala la ufundi. Ni biashara, na vyombo vyetu vya viwango vinaitazama tu ikipita bandarini.

Kwa ambaye hajakutana nalo: pawa stesheni ni boksi lenye mkono wa kubebea, ndani yake kuna betri ya lithiamu, inveta na chaji kontrola, vyote pamoja. Unachaji kwa umeme wa ukutani au kwa paneli, kisha unawasha taa, kompyuta, feni, mashine ya kunyolea. Halina moshi wala kelele, na huhitaji kutoboa ukuta wa mwenye nyumba. Kwa sisi wapangaji wa chumba na sebule, hiyo peke yake inatosha kutushawishi. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115 na tulilishangilia wote, lakini nguzo ikianguka mtaani kwako megawati hizo huzioni. Jirani zetu Wakenya walilala gizani karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023. Kwa hiyo mtu akijinyima akanunua boksi lake, usimwite mtu wa anasa. Anajihami.

Tuanze na paneli. Geuza karibu kila paneli ya kuweka juu ya bati, utakuta waya mbili, chanya na hasi, kila moja ina plagi nyeusi, dume na jike, zinazobana kwa mlio mdogo. Hiyo inaitwa MC4. Herufi MC ni za Multi-Contact, kampuni ya Uswisi iliyoibuni (siku hizi inaitwa Stäubli), na 4 ni unene wa pini yake, milimita nne. Soko zima la paneli limeikubali, na mafundi wetu wanaifahamu kama wanavyofahamu vidole vyao.

Sasa geuza boksi. Hapo ndipo vituko vinapoanza. Moja lina tundu la duara la milimita nane lenye pini nyembamba katikati. Jingine nalo lina tundu la duara, kwa macho utaapa ni lile lile, kumbe yanapishana kwa sehemu ya milimita: plagi inaingia lakini inacheza, leo inachaji, kesho imekataa. Jingine lina XT60, ile plagi ya manjano iliyozoeleka kwenye ndege na magari ya kuchezea ya rimoti. Jingine lina Anderson, iliyozoeleka kwenye betri za foklifti. Na zipo kampuni zinazobadilisha tundu kutoka toleo moja hadi jingine, kwa hiyo hata ukibaki kuwa mteja wao mwaminifu, waya wa boksi la kwanza hauingii kwenye la pili.

Haya tumeyaona kabla. Tuliokua na Nokia nyumbani tunakumbuka pini nene na pini nyembamba, na kila banda la kuchaji simu lilikuwa na lile lichaja lenye vichwa kama pweza. Tulidhani tumeyazika. Yamefufuka, safari hii kwenye kitu cha bei ya pikipiki iliyotumika.

Sasa nitoe mfano ulionitia hasira mpaka nikaandika. Kuna kijana kinyozi huko Mbagala, rika langu, amemaliza chuo kama mimi, ajira ikagoma, akafungua kibanda. Umeme ulikuwa ukikatika Jumamosi jioni, ndiyo saa ya pesa yake. Akakopa kwenye kikoba, akaenda Kariakoo kununua boksi. Nyumbani kwao kulikuwa na paneli mbili za wati 100, nzima kabisa. Akauliza dukani: "Kaka, hili litaingia kwenye sola yangu?" Akajibiwa: "Linaingia, bosi, hii ni sola." Neno "linaingia" lilimgharimu mtaji.

Alipofika nyumbani, boksi lilikuwa na tundu la duara na paneli zake zina MC4. Ndani ya katoni kulikuwa na waya wa ukutani na wa gari. Waya wa sola haukuwemo. Akarudi dukani, akaambiwa waya huo hauuzwi peke yake, unakuja na paneli yao ya kukunja. Paneli hiyo ina wati 100 vilevile, na bei yake ilizidi ya paneli zake zote mbili. Hakuwa na pesa. Akamwita fundi wa mtaani, fundi akakata plagi ya chaja nyingine ya duara, akaunganisha nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi kama fundi yeyote mwenye akili angefanya. Waya ule haukuwa na adabu hiyo: nyekundu ndiyo iliyokuwa hasi. Chanya ikaingia mahali pa hasi. Masanduku mengine yana kinga ya kosa hilo. Lake liliwaka taa mara moja likazima moja kwa moja.

Nilimsindikiza kudai waranti. Muuzaji, mtu mzima wa makamo, hakuwa na jeuri hata kidogo. Alilifungua boksi, akatazama tundu, akasema limechezewa, waranti imekufa. Nikamuuliza, sasa mzee wangu, huyu angeunganishaje wakati waya hamkumpa? Akanitazama kwa huruma akasema: "Mwanangu, angenunua paneli yetu, hayo yote yasingemkuta."

Jina la duka naliacha, kwa sababu duka hilo siyo la peke yake na muuzaji yule hakuunda tundu. Ila tulisome jibu lake polepole. Jua lipo. Paneli anazo. Betri kainunua. Amenyimwa waya wa nusu mita ili anunue paneli ambayo haihitaji, na alipojitengenezea waya akapoteza waranti. Kama huo siyo mtego, naomba mnifundishe maana mpya ya neno mtego.

Najua watetezi wapo, na wengine ni marafiki zangu wahandisi. Hoja yao ya kwanza ni usalama: eti tundu la peke yake linamzuia mtu asichomeke kitu hatari. Hebu tuitazame hoja hiyo kwa namba, maana ndiyo inayotumika kutunyamazisha.

Kinachoua boksi kwanza ni volti. Ampea huvutwa, volti husukumwa. Paneli ikiwa na uwezo wa ampea nyingi kuliko boksi linavyohitaji, boksi huvuta kiasi chake na kuacha zingine. Lakini volti zikizidi kiwango, zinaingia zenyewe bila hodi. Paneli ya wati 100 ya kawaida, nyuma yake imeandikwa volti kama 22 ikiwa haijaunganishwa na kitu, kama 18 ikiwa kazini, na ampea kama 5.5. Chukua boksi dogo lililoandikwa volti 12 hadi 28. Paneli mbili ukizifunga kwa mfuatano, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, volti zinajumlishwa: 44. Umeliua. Ukizifunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti zinabaki 22 na ampea zinakuwa 11. Boksi linashukuru.

Chukua sasa boksi kubwa linalopokea volti 12 hadi 60. Hapo mfuatano wa volti 44 ni salama na tena ni bora, kwa sababu ampea zikiwa chache waya haupotezi sana. Ila acha nafasi: volti za paneli hupanda kukiwa na baridi, karibu asilimia 0.3 kwa kila digrii moja chini ya 25. Asubuhi ya digrii 5 kule Njombe, 44 yako inakaribia 47. Anayepanga mpaka ukingoni ataliwa na ukingo.

Sasa angalia jambo ambalo marafiki zangu wahandisi hawalisemi. Ile paneli kubwa ya nyumba, ya wati 400 na kitu, inaweza kutoa volti 40 na zaidi ikiwa peke yake, na plagi yake ni MC4 ileile. Ukiwa na waya wa kampuni, halali kabisa, wenye MC4 upande mmoja na duara upande wa pili, itaingia vizuri na italiua lile boksi la volti 28. Kwa hiyo plagi kuingia siyo ushahidi kwamba vitu vinaendana, na plagi kukataa siyo ushahidi kwamba haviendani. Umbo la plagi halijui volti. Linalojua volti ni namba iliyoandikwa pembeni ya tundu, na namba hiyo ndiyo masanduku mengi yanaificha kwenye kitabu cha maelezo, ukurasa wa ndani, kwa maandishi ya sisimizi, pengine kwa Kichina. Kama shida yenu ni usalama, andikeni namba mahali mtu anapochomeka. Tundu la ajabu halimlindi kinyozi. Linamsukuma akakate waya, na kukata waya ndiyo hatari yenyewe.

Hoja ya pili: mteja anunue seti nzima ya kampuni moja. Paneli za kukunja ni nzuri kwa watalii na wapiga kambi. Lakini kwa kila wati moja huwa ghali kuliko paneli ngumu ya vioo, na hazikuumbwa kulala juu ya bati mwaka mzima zikipigwa na jua na mvua. Kinyozi hapigi kambi. Anataka paneli ipande juu Januari, aikute iko palepale Desemba.

Hoja ya tatu ndiyo inaniudhi zaidi: eti tatizo ni mafundi wetu, hawajasoma. Ni kweli yapo makosa, na tuyaseme. Wapo wanaochomeka chaji kontrola kati ya paneli na boksi kwa mazoea ya sola za zamani, wakati kontrola tayari imo ndani ya boksi. Mbili zikikutana zinavurugana. Wapo wanaotumia waya mwembamba wa spika. Hesabu yake ni rahisi: paneli ikiwa mita 10 kutoka kwenye boksi, umeme unasafiri mita 20 kwenda na kurudi. Waya wa milimita za mraba 0.75 utakula karibu volti 3 kati ya zile 18 kwa ampea 5.5. Hiyo ni asilimia 16, yaani katika saa sita za jua kali umemwaga karibu saa nzima. Waya wa sola wa milimita 4 kwa umbali huohuo unapoteza nusu volti tu. Na wapo wanaounganisha MC4 halisi na za kuiga kwa sababu zinaingiliana, bila kujua kwamba zisipobana sawasawa hupata moto. Kanuni za kimataifa za sola zinataka dume na jike ziwe za aina moja kutoka kiwanda kimoja.

Sasa niulize: fundi huyo angejifunzia wapi? Kila boksi lina tundu lake, rangi za waya haziaminiki, namba zimefichwa, kitabu hakisomeki. Ukimfundisha boksi la leo, kesho linakuja jingine. Mafundi wa Bongo wamejifunza simu, pikipiki na kompyuta bila kukaa darasani, kwa sababu vitu hivyo vina mpangilio unaorudiwa. Msivuruge mpangilio kisha mkamcheka anayepotea.

Wapo pia wanaoniambia niiachie soko, litajirekebisha. Kwenye simu halikujirekebisha lenyewe, lilisukumwa. China ilitoa kiwango cha chaja za simu mwaka 2006. Ulaya kampuni zikakubaliana kwa hiari mwaka 2009, na hiari ikaacha mianya, mpaka sheria ikapitishwa mwaka 2022: kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu, tableti, kamera na vifaa vingine vinavyochajiwa kwa waya viwe na tundu la USB-C, na kompyuta za kupakata zikapewa hadi tarehe 28 Aprili 2026. Apple walilia kwamba ubunifu utakufa. Septemba 2023 wakatoa iPhone 15 yenye tundu hilohilo, na ubunifu haukuzikwa. Ni kwamba Wazungu walikataa kununua waya mpya kila mara. Sisi tumezoea kukubali. Plagi yetu ya ukutani ni ya pini tatu, ya kiwango cha Kiingereza cha mwaka 1947, na bado tunauziwa vifaa vya pini mbili, halafu tunachomeka kalamu kwenye tundu la juu ili plagi iingie. Watoto wetu wanajifunza kuchomeka kalamu kwenye umeme, na hatushangai!

Nani afanye nini basi? TBS ipo. Ina utaratibu wa kukagua bidhaa huko zitokako kabla hazijapakiwa melini. Kenya nao KEBS wana wao. Sidai tujenge ofisi mpya wala kununua mashangingi. Nadai mambo matatu yaandikwe kwenye masharti ya kuingiza masanduku haya. Kwanza, boksi linalotangazwa kuwa ni la sola lije na waya wake wa MC4 ndani ya katoni, bila bei ya pembeni. Pili, pembeni ya tundu paandikwe volti za chini, volti za juu, ampea za juu, na pini ipi ni chanya, Kiswahili kiwemo. Tatu, waranti isife kwa sababu tu mteja ametumia paneli ya kampuni nyingine iliyo ndani ya namba hizo. Na Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda mlaji, iwaulize wauzaji neno "linaingia" lina maana gani.

Lakini usikae kusubiri serikali, maana unawajua. Wewe unayesoma hapa una simu na una shule. Kabla hujatoa pesa, uliza manne: tundu la aina gani, volti za juu ngapi, ampea ngapi, na waya wa MC4 uko wapi. Ukijibiwa "linaingia, bosi", mwambie alete paneli nje juani achomeke ukiona, na skrini ioneshe wati zinazoingia. Akikataa, ondoka, Kariakoo ina maduka mengine. Ukitengenezewa waya mtaani, usiamini rangi, amini mita. Mita ya bei ya sahani chache za chipsi mayai inakuonesha chanya na hasi kwa sekunde mbili, na inakuonesha volti za paneli zako kabla hazijagusa boksi. Unapounganisha au kutenganisha, funika paneli kwa khanga nzito au blanketi, maana paneli ikiwa juani haina swichi ya kuzima, na MC4 ukiichomoa ikiwa inapitisha umeme inaweza kutoa cheche ya kuunguza.

Na ukishajua haya, usikae nayo. Mwambie kinyozi wako, mwambie shangazi anayechaji simu kijijini, mwambie yule binamu anayeagiza mzigo Guangzhou. Huyo wa mwisho hasa. Akimwambia mwenye kiwanda kwamba wateja wake hawanunui boksi lisilo na waya wa MC4, atasikilizwa haraka kuliko mimi. Mwenye kiwanda hasomi blogu ya Kiswahili, ila oda anaisoma.

Kuna watakaosema nimekuza jambo dogo. Waya wa elfu kumi na tano, kelele zote hizi? Nawajibu kwamba mtego mzuri siku zote ni mdogo, mkubwa ungeonekana. Kinyozi yule bado analipa kikoba kila wiki kwa boksi lisilowaka, na paneli zake mbili ziko juu ya bati, zimetazama jua, hazina pa kupeleka umeme.

Nawe mwenzangu, boksi lako lina tundu gani, na waya wake uliupata wapi? Andika hapo chini, tujuzane, ili mwingine asiingizwe mjini.

Naomba kuwasilisha.